Banda la Kuni Kabla ya Mvua

Mkoa wa Singida una msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, mara nyingi hukatika Februari, kisha hurudi na kuaga Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Mwenye nyumba anayetaka kujenga banda la kuni uani kwake amepewa nafasi iliyo wazi: mtama na mahindi vikishaingia ghalani na alizeti ikishauzwa, bado ana miezi kadhaa kabla ya wingu la kwanza. Kazi yenyewe haihitaji miezi. Inataka nguzo, fito, mabati machache, misumari na mawe, na kwa mawe Singida imejaaliwa tele. Hata hivyo ukipita vijijini Januari, iwe njia ya Ilongero na Mtinko au upande wa Ikungi na Sepuka, si ajabu kukuta kuni zimelala chini, zimefunikwa kipande cha turubai au bati chakavu, zimelowa. Jikoni mama anapuliza moto usiotaka kuwaka. Ukiuliza, utaambiwa banda lilikuwa kwenye mpango.

Nalichukua banda hili kwa uzito kwa sababu halina pa kusingizia. Halihitaji zabuni, mfadhili, mhandisi wala kibali cha wizara. Likikwama, limekwamishwa na mambo yale yale yanayokwamisha kisima, zahanati na darasa, ila hapa yako uani, yanaonekana kwa macho. Kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mipango yetu hujua vizuri inakoanzia na inakotaka kufika. Inachokosa ni katikati: miezi kati ya uamuzi na mvua, miaka kati ya uzinduzi na matengenezo, na kipindi kirefu kati ya kuni za leo na nishati safi ya kesho. Na watu wanaishi hapo katikati.

Maji yaliyomo ndani ya kuni

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukipasuliwa na kupangwa penye paa na upepo kwa miezi kadhaa ya kiangazi, maji hayo hushuka hadi chini ya asilimia 20. Tofauti hii ndiyo inayoamua namna familia itakavyopika. Kilo moja ya kuni mbichi hutoa joto lisilozidi sana nusu ya lile la kilo moja ya kuni kavu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kilo hiyo si kuni bali ni maji, na moto lazima uyafukuze maji hayo kwanza kabla ya kuhudumia sufuria. Moto wa namna hiyo hauna ukali. Hewa zinazotoka kwenye mti hazipati joto la kutosha kuungua, nazo hupanda zikiwa moshi. Moshi huo mzito ni kuni zilizotafutwa, zikabebwa kichwani, zikaingizwa mafigani, kisha zikapotea bila kupika kitu.

Gharama yake inalipwa na mwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, mkaa na nishati nyingine za aina hiyo, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Kuni kavu haziiondoi hatari hiyo, na asitokee mtu akamwambia mama mjamzito kwamba moshi mchache ni moshi salama. Lakini kati ya jiko lililojaa moshi na jiko lenye moshi kidogo kuna tofauti ya macho, kifua na usingizi wa mtoto, na tofauti hiyo inaweza kupatikana mwaka huu, kwa vifaa vilivyopo kijijini.

Hapa ndipo miradi mingi ya majiko banifu inapoacha pengo. Jiko banifu la udongo lina mlango mdogo na chumba kidogo cha moto; limetengenezwa ili vijiti vikavu, vilivyopasuliwa vizuri, vipate hewa na kuungua kabisa. Mradi ukigawa jiko bila kuuliza kuni zitakauka wapi, umegawa nusu ya chombo. Masika yakifika, mama anakuwa na jiko zuri na gogo bichi lisiloingia mlangoni. Atafanya kile ambacho kingefanywa na mtu yeyote mwenye watoto wanaosubiri chakula: atarudi kwenye mafiga matatu. Halafu taarifa itaandikwa kwamba jamii haijaipokea teknolojia.

Mchwa, upepo na mkono wa mpikaji

Kwenye karatasi, banda la kuni ni mchoro wa dakika tano: nguzo nne, paa, basi. Ardhi ya Singida ina maoni mengine, na inayatoa kwa ukali.

Wa kwanza kutoa maoni ni mchwa. Nguzo laini ikichimbiwa ardhini hapa, mchwa huianza chini, mahali ambapo jicho halifiki, na siku itakapoanguka itakuwa imeliwa zamani. Watu hupaka oili chafu na kumwaga majivu, na vyote viwili husaidia kwa muda. Kiini cha mpingo au mninga hakiliwi kirahisi, lakini kukata miti hiyo kwa ajili ya kuhifadhi kuni ni kuteketeza hazina ili kulinda chenji. Njia ya maana ni kutoigusanisha mbao na udongo. Unajenga viguzo vya mawe, au vya matofali mabichi vyenye msingi wa mawe na paa linalovikinga na mvua, kisha mbao zinakaa juu yake. Matofali ya kuchoma yana nguvu zaidi, ila tanuri lake hula kuni nyingi. Mwenye kujenga banda la kuokoa kuni ana sababu ya kulifikiria hilo kabla hajaagiza.

Wa pili ni upepo. Singida ni nyanda za juu zilizo wazi, na upepo wake umetazamwa kwa miaka mingi kama chanzo cha umeme. Upepo huo ndio unaokausha kuni, kwa hiyo banda lisizibwe pande zote kama stoo ya mahindi. Unaangalia mvua za kwenu hupiga kutoka wapi, unaziba upande huo, na pande nyingine unaziacha wazi au unazungushia fito zilizoachana. Upepo huo huo ndio unaong'oa mabati. Paa linataka kufungwa kwenye viguzo kwa waya mnene uliojengewa ndani ya ukuta, si kutegemea misumari peke yake. Tena ndio unaorusha cheche, na kwa sababu hiyo banda haliegemezwi kwenye ukuta wa jiko, hata kama kuegemeza kungeokoa ukuta mmoja.

Wa tatu ndiye mwenye neno la mwisho, naye kwa kawaida haulizwi: ni yule anayepika. Mara nyingi banda huamuliwa na baba na fundi. Fundi huweka paa kwa kimo chake, na mlango anauelekeza barabarani ili banda lionekane vizuri. Mama akitaka kuni za juu anahitaji kigoda, na mvua ikinyesha lazima alizunguke banda zima. Baada ya mwezi kuni za kila siku zimehamia tena ukutani kwa jiko, na banda limekuwa la baiskeli, majembe na magunia matupu. Mwenye banda atasema lilijengwa na likakamilika. Ni kweli lilikamilika. Lakini lilijengwa kwa ajili ya kujengwa.

Mama angeulizwa mapema, angesema mambo ambayo fundi hayajui. Angesema anataka vyumba viwili: kimoja cha kuni zinazokauka na kingine cha kuni zinazotumika, ili zile zilizoingia leo zisichukuliwe kesho kwa sababu tu ziko mbele. Angetaka chini kuwe na uchanja ulioinuliwa sentimita 30 hivi, penye mwanga, ili anapochota kuni alfajiri aone kama kuna nge au nyoka kabla hajaingiza mkono. Angetaka kuni zipasuliwe kwa unene wa kiganja, tena zipasuliwe kabla ya kuwekwa ndani, kwa sababu gogo zima hukauka polepole mno na Januari haisubiri. Angetaja pia mabua ya alizeti na magunzi ya mahindi, ambayo ni kiwashio kizuri yakikaa makavu na ni takataka yakilowa. Hakuna kati ya haya linaloongeza gharama kubwa. Yanaongeza mazungumzo ya jioni moja.

Kalenda mbili

Tatizo la muda ni kubwa kuliko la fedha, ingawa tunalitaja mara chache. Mkulima wa Singida hupata fedha baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti. Katika miezi hiyo hiyo zinamsubiri ada, harusi, deni la dukani na bati la nyumba. Banda la kuni linaahirishwa kwa sababu moja tu: kuni zilizo juani Agosti ni kavu. Hakuna dalili ya shida. Mradi wa kujikinga hushindwa na utulivu wa wakati unaofaa kuutekeleza, na unakumbukwa kwa uchungu wakati ambao hauwezekani tena, mafundi wakiwa shambani na uani kukiwa tope.

Jambo hili ni la miradi ya umma vilevile. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, katikati ya msimu mzuri wa ujenzi. Lakini kati ya bajeti kupitishwa na saruji kufika kijijini kuna vibali, ununuzi na usafiri, na mara nyingi vifaa vinafika pamoja na mvua. Ndiyo sababu maboma ni sehemu ya mandhari yetu: kuta za darasa au nyumba ya mwalimu zilizopandishwa kwa nguvu za wananchi, zikisubiri Serikali iezeke. Boma la tofali likikaa wazi masika mawili au matatu, mvua inaanza kula kilichojengwa. Wananchi walitimiza sehemu yao, halmashauri ina nia ya kutimiza yake, lakini miezi ya katikati haikuwa na mwenyewe.

Hata kupanda miti, kazi inayogusa kuni moja kwa moja, kunabeba mgongano huu. Siku ya Taifa ya Upandaji Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa maeneo ambayo masika ndiyo kwanza yanashika kasi, ni siku njema. Kwa Singida, mche unaopandwa Aprili unakabidhiwa mara moja kwa kiangazi cha zaidi ya nusu mwaka, pamoja na mbuzi wenye njaa. Mche wa hapa ungepandwa Desemba au Januari, uwe umekwisha kushika mizizi siku wageni wanapokuja na hotuba. Tarehe ya taifa ibaki ya taifa. Kalenda ya kupanda iwe ya udongo wa mahali.

Mgori: kazi isiyo na siku ya kumalizika

Mkoa huu una mfano wake wa mpango ulioijali katikati, nao unahusu kuni. Katika Wilaya ya Singida kuna Msitu wa Mgori, msitu wa miombo wa takriban hekta 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kuufanya hifadhi chini ya mamlaka ya Serikali. Lakini mwaka 1995, kwa msaada wa mradi uliofadhiliwa na Sweden, vijiji vitano vinavyouzunguka vilikabidhiwa usimamizi wake, muda mfupi baada ya vijiji vya Duru-Haitemba, Babati, kufungua njia hiyo. Kila kijiji kilichukua sehemu yake, kikaweka kamati, sheria ndogo na walinzi kutoka miongoni mwa wanakijiji. Uzoefu wa vijiji vya namna hiyo ulichangia Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002, inayotambua misitu ya hifadhi ya vijiji.

Ninachokiheshimu Mgori ni namna mpango ulivyoanzia kwa anayeingia msituni kila siku. Sheria ya mbali husema msitu usiguswe, halafu haina mtu wa kuisimamia. Kamati ya kijiji inajua nani anaokota kuni, wapi, na tofauti kati ya tawi lililokauka na mti ulioangushwa usiku. Inaweza kuruhusu hili na kuzuia lile. Lakini pia Mgori inafundisha ugumu. Shinikizo la mashamba, mkaa na mifugo halikuisha kwa sababu sheria ndogo zimepitishwa. Mfadhili ana mwaka wake wa kuondoka. Ulinzi wa msitu hauna. Kila kizazi cha kamati lazima kishawishiwe upya kwamba usiku wa doria una faida.

Na hapa banda la uani linaunganika na msitu. Familia yenye kuni kavu za kuifikisha Aprili ilizikusanya kiangazi, ikaokota matawi makavu kwa nafasi na kwa kuchagua. Familia iliyoishiwa Januari haina nafasi hiyo. Itakata kilicho karibu, kikiwa kibichi, au itanunua mkaa, na hapo mti mwingi zaidi utakuwa umeangushwa kwa sufuria ile ile. Kamati ya mazingira inayohesabu miche iliyopandwa ingefanya vyema kuhesabu pia mabanda yaliyojengwa, kwa kuwa mti usiokatwa umekwisha kuota.

Miaka kati ya kuni na gesi

Kuna hoja moja nzito dhidi ya haya yote. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kabla yake, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa. Kwa nini basi tujenge banda la kuni, kama taifa linaondoka kwenye kuni?

Ninaliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Kwa sababu hiyo hiyo naomba tuitazame miaka iliyopo kati ya leo na 2034, na asilimia 20 watakaobaki hata kama lengo litafikiwa lote. Katika nyumba nyingi mtungi wa gesi haujaondoa mafiga. Umekaa pembeni yake. Chai ya asubuhi na uji wa mtoto ni vya gesi. Maharage na makande, yanayokaa motoni saa nyingi, ni vya kuni. Mtungi ukiisha kabla ya mavuno, familia hurudi kwenye kuni kabisa mpaka fedha ipatikane, na anayeishi mbali na duka la kujazia hulipa na nauli. Huku si kukaidi mpango. Ni hesabu ya mtu anayeangalia mfuko wake.

Shule nazo ziko humo katikati. Kuna shule ambako mwanafunzi bado anakwenda na kuni mkononi kwa ajili ya uji wa saa nne. Shule hiyo inaweza kupangiwa jiko la gesi mwakani, nalo likaja. Mwaka huu bado inapika kuni, na zikilazwa uwanjani bila paa, wapishi wake wanapumua moshi ambao mabati machache yangeupunguza. Paa hilo halitapotea bure siku gesi itakapofika, kwa maana shule haikosi cha kuhifadhi. Kumwandaa mtu kwa mwaka 2034 hakutupi ruhusa ya kumwacha kwenye moshi mwaka huu.

Kichanja cha vyombo kilivyoenea

Tumewahi kuweza kuijali katikati hii kwa kiwango cha nchi nzima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Watu walisikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua kikundi kitafanya nini kwa vitu vilivyopo: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Nguvu yake ilikuwa katika mpangilio huo. Lengo la taifa lilivunjwa vipande vya kazi ndogo ndogo, na kila kazi ilikuwa na watu wanaofahamiana wa kuulizana imefikia wapi.

Tazama pia kichanja cha vyombo, ambacho mabwana na mabibi afya wamekihubiri kwa miaka mingi. Leo ukiingia katika ua wa kijijini unakikuta, kimesimama juani kikiwa na sufuria na sahani. Kimedumu kwa sababu kinajengwa kwa fito, kinatumika kila siku, na kikilegea anayekitumia hukikaza mwenyewe bila kusubiri fundi. Banda la kuni ni jirani yake wa karibu kabisa: ua ule ule, vifaa karibu vile vile, mkono ule ule. Kama kimoja kimeweza kuwa kawaida ya nyumba, na kingine kinaweza.

Kwa hiyo ninachopendekeza si mradi mpya wenye jina na nembo. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila baada ya miezi mitatu. Mkutano huo, na baraza la familia pia, unaweza kuuliza kila mpango maswali matatu kabla ya kuunyooshea mikono: nani atautumia kila siku, na je, ameulizwa? Utakuwa umefikia wapi mvua ya kwanza ikinyesha? Nani atautengeneza mwaka wa tatu, kwa fedha ipi? Mpango usioyajibu haujawa tayari, hata kama bajeti yake imekamilika. Banda la kuni linayajibu kwa urahisi, ndiyo maana ni mahali pazuri pa kuanzia mazoezi. Na mkutano wa kuyasema haya ni ule wa Juni au Julai, mavuno yakiwa ndani na jua likiwa letu. Ukingoja ule wa Desemba, utajadili moshi.